Mheshimiwa alitujua kwa namba za jezi, redio ikamzika mwenzangu kwa jina langu

Wakuu, amani iwe kwenu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Anayebisha aje Muheza aulize wa rika langu.

Nilikuwa nimelala hospitali Tanga, mguu umefungwa plasta, kichwa kinavuma kama mashine ya kukoboa. Kitanda cha pili alikuwepo mzee mmoja wa Kidigo ana redio yake ndogo. Ikaja taarifa ya habari: mchezaji Athumani Salehe Mdoe, aliyefariki katika ajali ya lori, amezikwa, na mheshimiwa mgombea ndiye aliyeongoza mazishi.

Mzee akasema innalillahi. Halafu akanigeukia.

"Kijana, weye jina lako nani vile?"

"Athumani Salehe Mdoe."

Akazima redio. Akavuta shuka mpaka kidevuni akatazama ukutani. 

Chekeni tu. Hata mimi ningecheka, ila kuna mtu alizikwa kweli.

Narudi nyuma kidogo.

Miaka ile vyama vingi vimeingia, mashamba ya mkonge yanageuka vichaka, kiwanda hiki kimefungwa, kile kinatafutiwa mnunuzi. Vijana tuliokuwa na kazi tukawa hatuna. Miye niliishia la saba kule Maramba, nikaja Muheza kupakia machungwa. Tukaunda timu ya wapakiaji. Tunacheza na fulana za mitumba, namba tumezichora kwa rangi ya mafuta. Ukitoka jasho, namba saba inabaki mgongoni kwako.

Ndipo akaja Rajabu Mkwenda. Namtaja jina, sina cha kuogopa. Alikuwa anagombea ubunge, akatuletea jezi mpya za kung'aa. Siku ya kukabidhi akaja na mtangazaji wake wa redio, Hamza Kidege, ana rekoda begani. Mkwenda anaita jina, unakwenda, anakupa mkono na jezi. Mimi nikapewa namba saba. Kidege akarekodi kila kitu. Tukajiona wachezaji wa taifa.

Siku ya fainali ya kombe lake tulitakiwa tucheze Tanga mjini, baada ya mkutano wake wa kampeni. Yaani sisi ndio watu wa kujaza uwanja, wakuu. Mpira ulikuwa chambo.

Nilikuwa nimeteguka kifundo, kwa hiyo siku hiyo sichezi. Jezi yangu akavaa Shebe. Kijana wa Moa, mwembamba, mcheshi, hatulii. Aliivaa kuanzia asubuhi, akazunguka soko zima akiwaambia kina mama wa machungwa, "Nitazameni vizuri, ipo siku mtanilipia kuniona!"

Tukapakiwa kwenye lori la machungwa. Dereva alikuwa ameamriwa na Mkwenda tufike kabla hajapanda jukwaani. Tukamgongea bodi apunguze. Akatoa kichwa dirishani: "Nikichelewa mtanitetea nyie kwa mheshimiwa?" Kona moja kabla ya Pongwe, lori likalala.

Shebe alikufa palepale. Wengine tulivunjika. Mimi nilipoteza fahamu, nikaja kuzinduka wenzangu wameshamaliza kuzika.

Yaliyotokea katikati nilisimuliwa na golikipa wetu, Mbaraka, ambaye alitoka na mkono uliovunjika tu. Mkwenda alifika mochwari na Kidege. Uso wa marehemu ulikuwa umeharibika. Mkwenda akatazama jezi, akasema, "Saba. Saba si yule Athumani? Nilimpa mwenyewe kwa mkono wangu."

Mbaraka akasema, "Mheshimiwa, saba leo kavaa Shebe."

Akajibiwa, "Wewe umegonga kichwa, nenda kalale."

Basi. Kidege akakimbilia redioni. Ilibidi mheshimiwa awe wa kwanza kutoa pole, kabla ya yule wa chama kingine. Maiti ikaoshwa, ikasaliwa na kuzikwa siku hiyohiyo hapo hapo Tanga, Mkwenda yuko mbele ya jeneza, kofia imekaa vizuri kwa ajili ya picha. Kaka yangu alifika kutoka Maramba akakuta kaburi limeshafukiwa, akarudi kuweka matanga yangu.

Kwetu matanga yaliisha kwa vigelegele niliporudi na magongo. Lakini Moa hakukuwa na matanga.

Nilipopona nilikwenda mwenyewe kwa mama yake Shebe, Bi Mwanakombo. Nikampa shikamoo, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anasuka ukili, mkono hausimami.

Nilipomaliza akaniuliza, "Redio ilimtaja nani?"

"Ilinitaja mimi, mama. Ilikosea."

"Serikali ikosee, redio ikosee, weye ndo usikosee? Uligonga kichwa, mwanangu. Shebe aliniaga atavuka Mombasa. Yuko Mombasa."

 Zama zile redio ikisema, imesema. Mbaraka naye alikwenda, akaambiwa hivyohivyo.

Nikamfuata Kidege redioni. Nikamwambia taja jina la Shebe, mara moja tu, mama yake asikie. Akanitazama juu mpaka chini.

"Bwana Athumani, wewe uko hai, unalalamika nini? Nikisema tulikosea, kesho nani atatuamini?"

Kwa Mkwenda nikaambiwa nisubiri uchaguzi upite. Ukapita, akashinda. Ukapita mwingine, na mwingine. Mimi bado nasubiri.

Sasa njooni leo. Mkwenda kastaafu, anaalikwa mgeni rasmi kwenye mabonanza, anahutubia vijana kuhusu nidhamu ya michezo. Kidege ndo usiseme, ni mchambuzi wa mpira kwenye TV. Penalti moja wanaijadili wiki nzima, watu watano wenye suti. Anajua kijana wa Hispania anavaa kiatu namba ngapi na bibi yake alizaliwa wapi. Kijana aliyemzika mwenyewe hajawahi kumtaja jina. Majuzi nilimsikia anasema tatizo la wanahabari wa sasa ni kutothibitisha habari. Nilitamani niivunje TV, ila ni ya mwenye kibanda.

Na nyie mashabiki msijifanye hamhusiki. Mnajaa kwenye malori ya wagombea mpaka leo kwa sababu ya fulana na kofia. Yule anayekuvalisha jezi hakujui. Anajua namba. Hilo ndilo nililojifunza, na nimelilipia kwa mguu wangu huu.

Bi Mwanakombo yupo hai. Kila Ramadhani watu wa Moa wanaposoma dua, anawaambia wasimsome Shebe na marehemu, wamsome na wasafiri. Nami hukaa pale nikaitikia amina. Nifanyeje? Hajamlilia mwanawe, hajamfanyia hitma. Na mtu aliyemnyima kilio hicho yuko studio anapakwa poda.

Wenye kujua namna ya kuwafikia watu hawa, semeni hapa chini. Wa kunishauri nisamehe, nimewasikia, pitieni mbali. Kusamehe ni kwa Bi Mwanakombo, na yeye hajui hata kama ana mtu wa kumsamehe.

Hamza Kidege, najua humu unapita, maana mada zenu mnazitoa humu. Sitaki uniombe radhi mimi, na sitaki kipindi maalumu. Nataka uje Moa na Mkwenda wako, mkae kwenye ule mkeka, umwambie mama yule kwa sauti ileile uliyotangazia: aliyekufa ni Shebe. Masikio yake yamepungua sasa, itabidi upaze. Sauti unayo. Unakuja lini?