Pindo la Kikoi na Soksi Zake

Mume wangu haoni rangi. Nyeupe anaiona, nyeusi anaiona, buluu na manjano hazimpi tabu, lakini nyekundu, kijani, kahawia na damu ya mzee kwake ni kitu kimoja kilichopewa majina manne. Niliijua siri hii wiki ya tatu ya ndoa yetu. Tulikuwa tumealikwa chakula cha mchana kwetu, naye akatoka chumbani na kikoi chenye pindo la kijani, shati jekundu, na uso wa mtu aliyependeza. Nilimrudisha ndani kabla kaka zangu hawajamwona. Akakaa kitandani, akaniambia kwa sauti ya mtu anayekiri wizi kwamba hajapata kumwambia mtu yeyote, hata mama yake. Akaniapisha. Nikaapa, na kiapo hicho nilikishika miaka thelathini na moja.

Kazini hakuwa na shida. Mwanamume wa hapa Maskati akivaa dishdasha, kanzu yake nyeupe, amemaliza, hakuna wa kumuuliza kitu. Lakini sisi wa Unguja, nyumbani ni kikoi, na wazee wenzake wana barza yao baada ya alasiri, kwa jirani, hapa hapa mtaani kwetu, Khuwair ya Kusini. Sharti la barza hiyo ni kwamba ukija na dishdasha unarudishwa ukabadili. Na wazee wale wana maringo kumshinda bibi arusi. Shati lilingane na pindo la kikoi, uzi wa kofia ulingane na shati, na anayekosea husemwa mpaka magharibi. Mjukuu wangu, aliyezaliwa hapa na kusomea hapa, anaiita nguo hiyo sketi ya babu. Tulimkanya, lakini mwenyewe nacheka kila nikimsikia.

Soksi ziliingia baadaye, daktari alipomkuta na sukari akamkataza kukanyaga chini miguu mitupu. Mwingine angenunua dazeni ya nyeupe, mambo yakaisha. Huyu wangu akasema nyeupe ni za wanafunzi na nyeusi ni za askari, yeye anataka soksi zinazokwenda na pindo. Yeye, asiyelijua pindo lenyewe ni la rangi gani! Basi nikawa nateremka Wadi Kabir, kwenye duka moja la nguo, na kikoi kimekunjwa ndani ya mkoba, nikikitoa mlangoni kwenye mwanga wa jua na kukilinganisha na soksi moja moja. Mwenye duka alinizoea. Akiniona tu, analitoa boksi la zile zenye mpira laini, zisizobana mguu, anarudi kwenye simu yake.

Na kila siku baada ya alasiri, kabla hajatoka, alisimama mlangoni pa chumba, akainua kikoi kidogo, akaniuliza, "Zinakwenda?"

Nami hutazama, hata kama nimezitoa mwenyewe kabatini, nikamwambia, "Zinakwenda."

Kuna wanawake wanaoambiwa wanapendwa. Mimi niliulizwa hilo, na lilinitosha.

Alikuwa akienda Unguja mara mbili kwa mwaka kwa ajili ya shauri la shamba la baba yake, shauri ambalo majaji wamelirithishana kama kiti. Nilimfungia safari mwenyewe. Kila kikoi nilikikunja na shati lake na soksi zake ndani, fungu moja la siku moja, ili asipate kukosea mbele ya watu. Mara ile nilimfungia mafungu sita. Aliporudi nikafungua sanduku nitoe nguo za kufua, nikakuta mafungu saba.

La saba lilikuwa kikoi kipya, pindo la damu ya mzee lenye uzi mwembamba wa kijani. Ndani yake soksi, damu ya mzee, na mstari mwembamba wa kijani kwenye kifundo cha mguu. Nilizipeleka dirishani. Mimi nimetafuta soksi kwa miaka, najua kazi ya kuzipata zikalingana namna ile. Jozi zangu sita nazo zilikuwa zimeshafuliwa. Mimi soksi nazibiringisha zikawa donge. Hizi zote zilikuwa zimekunjwa bapa, mara mbili, kama bahasha.

Nikamwita. "Kikoi hichi umekitoa wapi?"

"Nimekinunua Darajani."

"Na soksi?"

"Pale pale."

"Nani aliyekuchagulia?"

"Nimechagua mwenyewe."

Njia ya mwongo fupi, lakini sijapata kuona fupi kama ile. Alijisikia mwenyewe alichokisema. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya sanduku.

"Nshaoa," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Nlikuwa nnatafuta siku ya kukwambia."

Nilimuuliza ni nani. Akasema ni mwalimu wa skuli, anafundisha watoto wadogo, aliachika zamani, hana mtoto. Nilimuuliza lile lililokuwa likinichoma zaidi ya ndoa yenyewe. "Na macho yako umemwambia?"

"Sikumwambia. Kagundua mwenyewe, siku ya pili tu."

Sikulia mbele yake. Nilikwenda nikapika, tukala. Binti yangu mkubwa, habari zilipomfika, alinipigia kwa sauti ya mtu aliyebeba mayai, akaniambia, "Mama, lakini sharia si inamruhusu?" Nikamwambia inamruhusu, na mimi inaniruhusu kunyamaza. Wala sikuondoka. Niende wapi na umri huu, nikakae chumba cha wageni kwa mwanangu nikingoja kuulizwa nnataka chai au sitaki? Nilikaa kwenye nyumba yangu, nikalifungua kabati, na hasira ikanionyesha cha kufanya.

Siku ya kwanza nilimpa kikoi cha pindo jekundu na soksi za kijani. Akasimama mlangoni. "Zinakwenda?"

"Zinakwenda."

Akatoka. Siku iliyofuata damu ya mzee juu ya kijani. Wenzake mwanzoni walidhani ni mtindo. Wakasema mke mdogo amemrudisha ujanani, maana habari zilishafika barzani, habari za namna hiyo hazihitaji tikiti ya ndege. Yeye akacheka nao, akadhani anasifiwa. Nilimwacha. Nasema kweli, nilikuwa naamka na furaha. Kwa mara ya kwanza tangu lile sanduku nilikuwa na jambo la kungojea.

Ikaja Ijumaa yetu ya kuwalisha watu wa barza. Nilipika biriani, na kabla hawajafika nikamtolea kikoi kizuri kuliko vyote, na soksi moja nyekundu, moja ya kijani. Akazivaa, akaninyooshea mguu huu na huu, nikamsifu. Wageni wakaja, wakaketi, sinia zikapita. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi kidogo, namsikia mzee mmoja mwenye mzaha wake, aliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni.

"Yakhe, tueleze. Mguu huu wa bi mkubwa na huu wa bi mdogo?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, mkono umeshika upawa, nikacheka mpaka nikaegemea friji. Kupitia uwazi wa mlango nilimwona akicheka nao. Kisha akaiinamia miguu yake. Akautazama mguu wa kulia, akautazama wa kushoto, akarudi wa kulia, wala hapakuwa na kitu alichokiona.

Akaja jikoni, kisingizio chake buli la kahawa. Akausukuma mlango nyuma yake. Akainua kikoi kidogo, akaniuliza polepole, kama siku zote, "Zinakwenda?"

Pale nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema ngoja, nikamletea jozi nyingine, yeye na mimi tungeelewana, na pengine ningempiga na upawa pia, nikapona. Nilimtazama usoni.

"Zinakwenda," nikamwambia.

Akachukua buli, akarudi kwa wageni. Hakunilaumu, wala siku hiyo, wala baadaye. Aliendelea kuuliza, nami niliendelea kujibu, lakini ile furaha ya kuamka nayo ilikuwa imekwisha, na sikujua namna ya kuacha.

Miezi miwili baadaye shauri la shamba likatajwa tena. Safari hii alifunga sanduku mwenyewe. Nilimkuta anatia vikoi vyote, ovyo ovyo, na soksi zote juu yake, kabati likabaki na harufu ya udi tu. Nikamuuliza kama anahama. Akasema hapana, atarudi baada ya wiki tatu, inshallah, ila ana haja navyo. Sikumfungia hata fungu moja.

Alirudi siku aliyosema. Alasiri yake nilikuwa nimekaa kitandani nakunja kanga zangu, naye anavaa. Nikamwona ameshika kikoi, anaipapasa pembe yake kwa kidole gumba, macho ameyaelekeza ukutani. Akatia mkono katika droo ya soksi, akapapasa mdomo wa moja, akairudisha, akapapasa nyingine, akatoa jozi. Pindo la kijani, soksi za kijani. Shati nalo, akatafuta kwenye mshono wa ndani wa kola, akapata alilolitaka.

Alipokwenda kutia udhu nilinyanyuka haraka nikalifungua kabati. Kwenye pembe ya kila kikoi, upande wa ndani, palikuwa na vifundo vya uzi mweupe, vidogo kama mbegu za ufuta. Kimoja, nyekundu. Viwili, kijani. Vitatu, kahawia. Vinne, damu ya mzee. Na vifundo vile vile kwenye mdomo wa kila soksi, mshono mzuri, usiokwaruza ngozi. Nyingi ya soksi zile nilizinunua mimi Wadi Kabir, kwa jua lile. Yule mwalimu alikuwa amezishona zote, moja moja, na pengine ndivyo anavyowafundisha watoto wake wa skuli kujua kiatu cha kulia na cha kushoto.

Niliketi na soksi mkononi. Nataka kusema nilimchukia yule mwanamke, na nilimchukia. Lakini kilichoniuma kilikuwa kingine. Uzi ninao. Sindano ninazo kopo zima, na mkono wangu kwenye kofia wazee wale wale wanausifia. Ilikuwa kazi ya alasiri mbili, tatu. Nilipata miaka thelathini na moja ya kuifanya na sikuifanya, na si kwamba haikunijia. Ilinijia, zamani, mtoto wetu wa kwanza bado ananyonya. Nikaiacha, kwa sababu nilitaka aendelee kuuliza.

Akarudi, akavaa soksi zake, akaweka kofia. Nilikaa wima, nikamngoja afike mlangoni, pale anaposimama siku zote. Akafika, akachukua miwani yake juu ya meza.

"Nnatoka," akasema, akatoka.

"Zinakwenda," nikasema. Mlango wa mbele ulikuwa umeshafungwa.