Mashua Haina Breki

Jambo la kwanza nililoliona kwa mama mwenye nyumba wangu ni mguu wake wa kulia. Siku niliyohamia chumba cha uani, nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameshika mpini wa ufagio nyuma yake, na mguu ule ukikanyaga sakafu kwa nguvu zote. Mbele yake alisimama mumewe, fundi viatu, amejifunga mto tumboni.

"Umenigonga tena, mke wangu!"

"Gati halisemi, baba. Nyamaza!"

Nilidhani nimepanga kwa wendawazimu. Kumbe mama huyu aliendesha basi la shule tangu ujana wake, na alipostaafu, moyo wote ukahamia mtoni, kwenye mashua ya injini inayovusha watu. Nahodha wa mashua hiyo alikuwa anaondoka. Chama cha wavushaji kingemkabidhi mashua atakayeifikisha gatini bila kuligonga. Mama hakutaka kingine duniani.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Mashua ilipokaribia gati, mama alitafuta breki. Akakanyaga! Akakanyaga tena! Mashua ikalivaa gati, mtahini akaangukia mapajani mwa muuza vitunguu, na mama, kwa mazoea, akawaambia abiria, "Shukeni polepole, watoto."

Watu walicheka mpaka machozi. Yeye aliwazidi wote kwa kicheko, kisha akafika nyumbani akajifungia chumbani. Alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu.

Ndipo mazoezi ya uani yakapamba moto. Alijifunza kusukuma mpini wa injini kushoto ili mashua iende kulia, kuzima injini mapema, kuielekeza pua kule mkondo unakotoka na kuyaachia maji yaisimamishe. Mimi nilipewa cheo cha mkondo: nilikivuta kiti chake kwa kamba.

"Mkondo gani huu mvivu?" alinifokea. "Vuta, mwanangu! Au chuoni hamkula?"

Leo tuko ukingoni. Mtahini amejishikilia kwa mikono miwili. Injini imezimwa mapema, Mungu wangu, labda mapema mno, na mashua inakuja yenyewe, taratibu, ikigeuza pua kuukabili mkondo. Fundi viatu amefumba macho.

"Niambie," ananong'ona. "Amefika?"

"Bado," namjibu, huku narukaruka. "Bado kidogo, baba. Bado kidogo!"