Barafu Ambayo Dada Hakuiona

Harufu ya gunia lililoloa ndiyo iliyoniamshia kumbukumbu hizi. Juzi muuza samaki alisimama mlangoni kwangu, akafunua gunia alilofunikia barafu yake, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikabaki na sahani mkononi nikimsikia Baba akikohoa ukumbini kama zamani za utoto wangu. Nilisahau hata kuuliza bei. Ile ilikuwa harufu ya Baba. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha barafu cha mjini, akisukuma mkokoteni wa mapande makubwa hadi kwa wauza soda na samaki. Jioni aliporudi kwetu Kariakoo, shati lake lilikuwa bado lina ubaridi mgongoni. Dada yangu Mwanahamisi na mimi tuligombania kumkumbatia, tena kwa sababu ya ubaridi ule zaidi kuliko mapenzi, nisiwadanganye.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kibogoyo wa meno ya mbele. Kwenye kuta za maduka yakabandikwa matangazo yenye picha ya msichana wa Kizungu mwenye taji, amesimama kwa mguu mmoja juu ya barafu, mguu wa pili ameunyoosha nyuma kama kuku anayeamka. Wachezaji walikuwa njiani kutoka ng'ambo kwa meli. Wangepiga hema Mnazi Mmoja na kuonyesha hadithi ya binti mfalme, wote wakiteleza.

Picha ile ilimtia wazimu Dada. Akitumwa chumvi, anarudi mikono mitupu, ameisahau mbele ya tangazo. Siku moja tulipokuwa tunaosha sakafu ya ukumbi, alizidisha sabuni makusudi, akajifunga kanga barabara, akateleza kwa mguu mmoja kutoka mlango wa barazani hadi karibu na uani, mikono ameitandaza, midomo ameibana kwa jitihada. Mwishoni pale alikuwa amesimama Baba. Tulijua leo ni leo. Lakini Baba alicheka mpaka akaushika mlango.

"Hema likija nitakupeleka," alisema, "ukawafundishe hao Wazungu."

Tangu hapo Dada hakuwa na habari nyingine. Kumbe kabla hema halijafika, akavunja ungo.

Wajukuu zangu nikiwaeleza jambo hili hunikodolea macho. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani. Dada aliingizwa chumba cha nyuma, kando ya chumba cha Bibi, mama yake Baba, na humo angekaa miezi mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Alisuka ukili wa mikeka, alifundwa, na jua aliliona kwenye nyufa za dirisha tu. Wanaume hawakumwona, hata Baba. Kuingia tuliingia wanawake na watoto wadogo kama mimi. Niliambiwa Dada amekua. Nilikwenda kumpima kwa macho, nikaona urefu wake ni ule ule.

Hema likaja. Joto la Dar es Salaam likaishinda mashine yao ya kugandisha barafu, wakawa wanaagiza barafu ya kuongezea kutoka kiwandani kwa kina Baba. Baada ya kuwasukumia mapande siku kadhaa, Baba alipewa vikaratasi vitatu vya kuingilia. Jioni hiyo alimfuata Bibi uani, akachuchumaa mbele yake. Bibi alikuwa anachagua mchele, nami nilikuwa pembeni nikiokota zile chuya.

"Mama, si avae buibui tu, akae katikati yetu? Nani atamjua?"

Bibi hakuinua macho. "Mwali hutolewa kwa ngoma yake, Salumu. Hatolewi kwa ngoma ya watu."

"Ni mchana mmoja tu, Mama. Nilimwahidi."

"Ulimwahidi mtoto. Huyu sasa ni mwali. Watu wakisema alichungulia nje kabla ya siku yake, nani atamposa? Hao Wazungu wako?"

Nyuma ya dirisha la chumba cha Dada, mchakacho wa ukili ulikuwa umenyamaza. Nadhani Baba pia aliusikia ule ukimya, kwa sababu aligeuka akalitazama dirisha. Nami nilimtazama yeye, nikisubiri aseme neno. Alivikunja vile vikaratasi, akavitia mfukoni.

"Haya, Mama," alisema.

Msimchukie Bibi yangu. Usiku huo huo alimpelekea Dada maini na firigisi za kuku, ambazo kwa kawaida zilikuwa za Baba.

Mama alikataa kwenda, akasema ana kazi. Karatasi ya tatu akapewa jirani yetu Mama Aikaeli, mke wa mfanyakazi wa reli. Yeye alitoka Moshi, na kwa kuwa alizaliwa akiuona mlima wenye theluji, mtaa mzima ulimhesabu bingwa wa baridi. Aliamuru nipakwe mafuta ya karafuu kifuani, nivishwe sweta la mwanawe na soksi mbili mbili. Dada ndiye aliyenivisha, mle chumbani. Alinifunga vifungo mpaka kooni, akanishika mashavu.

"Uangalie miguu yao, Tatu. Uangalie wanavyoanza, uje unionyeshe."

Hema lenyewe lilikuwa na joto la kuivisha ndizi. Wazungu na Wahindi walikaa mbele, sisi nyuma kwenye mabenchi, na baridi yote ilibaki kule chini kwa wenyewe. Nililoa jasho, na Mama Aikaeli hakukubali nivue sweta. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, ila yeye alitufasiria bila kusita. Yule wa nguo nyeusi ni mama mkwe. Binti mfalme amekimbilia mlimani, na mlima, bila shaka, ni wa kwao. Taa zilibadilika rangi, barafu ikawa ya samawati, kisha ya waridi, na watu walipita juu yake bila kunyanyua miguu, wakitoa sauti kama kisu kinachonolewa taratibu. Nilisahau joto, nikasahau hata kujikuna.

Tulirudi jua linazama. Baba alikwenda uani kutawadha, mimi nikakimbilia kwa Dada, sweta na yote. Alikuwa ameniwekea nafasi kwenye mkeka. Nilimsimulia viatu vyenye visu chini, nikamwonyesha wanavyoanza, mguu mmoja ukiusukuma mwenzake. Alinirudisha mara nyingi kwenye habari ya miguu. Kisha akauliza:

"Hao wasichana ni wakubwa?"

"Mmoja ni kama wewe. Alizunguka, Dada, mpaka uso haukuonekana!"

"Na watu wote wanamtazama?"

"Wote!"

"Na Baba je?"

Hapo nilifurahi, kwa sababu kwangu mimi Baba ndiye aliyekuwa onyesho lenyewe. Nikasimama nimwigize. Nikamweleza kwamba yule msichana alipozunguka, Baba alipanda juu ya benchi, akapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa, mpaka wa mbele wakageuka. Nami nikapiga hivyo hivyo, nikapaza sauti yake: "Mwanangu! Mwanangu wee! Hongera mwanangu!"

Dada hakucheka. Maji yaliyokuwa yakimiminika uani yakasita. Alivuta ukili wake, akainamia vidole.

"Nenda ukale, Tatu," alisema.

Nilidhani anaona kijicho cha onyesho, na kwamba kitamtoka. Alitolewa kwa ngoma nzuri, akaposwa, akaolewa Rufiji. Kila alipokuja kutusalimu alimwamkia Baba kwa adabu zote, akakaa mwisho wa mkeka. Baba alimuuliza kama amekula, naye akajibu amekula. Zaidi ya hapo hawakuwa na la kuambiana, na mimi kwa miaka nilimlaumu Dada kwamba ana majivuno.

Akili ilinijia nikiwa mama. Nilikuwa safarini, nimemwacha binti yangu mgonjwa nyumbani, nikamwona mtoto wa watu akiruka kamba kando ya barabara, mzima wa afya. Nikajikuta nimemwita kwa sauti, tena kwa jina la wangu. Akashtuka, akanitazama, nami nikasimama pale pale machozi yakinitoka, kwa maana nilimwona Baba juu ya lile benchi, na safari hii nikamwelewa. Hakuwa akimtazama yule msichana wa Kizungu hata kidogo. Aliyekuwa akizunguka kule chini mbele ya watu wote, machoni pake, alikuwa Mwanahamisi.

Baba angeweza kusema jioni ile, kwa maana alinisikia. Dirisha lilikuwa hatua chache tu kutoka alipotawadhia. Lakini baba hazungumzi na mwali, na mwali alipokuwa mke wa mtu, haya ikamzidi Baba. Mimi ningesema badala yake. Ila siku niliyoelewa, Baba alikuwa kaburini, na Dada naye tulikwisha kumzika huko Rufiji, akiwa ameamini hadi mwisho kwamba siku ile Baba alimwacha ndani, akaenda kumwita mtoto wa watu mwanangu.