Kidonge cha Mchana

Binti yangu alianza kuanguka akiwa na miaka saba, shuleni, kwenye mchakamchaka wa asubuhi. Anakimbia na wenzake wakiimba, mara yuko chini. Dakika haijaisha anaamka, anauliza nani kamsukuma. Watu wa mtaa wetu wa Magomeni, hapa Kilosa, walikuwa na majibu tayari: huyu anasema kifafa, yule anasema pepo. Jirani mmoja alikuja na chetezo kabisa, nikamwambia moshi wake akafukizie mbu nyumbani kwake. Ndio mdomo wangu, nimezaliwa nao.

Daktari wa Morogoro ndiye aliyembandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari.

"Mama, huyu hana kifafa," aliniambia kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Akikimbia au akishtuka, mapigo ya moyo wake yanavurugika. Iko siku ataanguka asiinuke."

Akaandika propranolo, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, kidonge kimoja asubuhi, mchana na jioni. Asikose hata kimoja.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi zimeachiwa. Kabla ya hapo hospitalini uliambiwa dawa hakuna, ukarudi na cheti chako mkononi. Sasa maduka ya dawa yalikuwa yamefunguliwa, na mume wangu, aliyekuwa akiziba pancha Mikumi kwenye barabara kuu, kila akirudi Kilosa alikuja na vidonge kwenye bahasha ndogo. Mwaka mzima na ushee mtoto hakuanguka. Jamani, nilijisahau. Nilimwona mzima, nikasahau kwamba kinachomsimamisha ni dawa.

Ramadhani ikaingia akiwa na miaka tisa. Wenzake wa madrasa walifunga, naye akataka. Niliona fahari! Mtoto waliyemwita wa pepo, leo anafunga! Kidonge cha asubuhi nikampa wakati wa daku, cha jioni akifuturu. Cha mchana nilikiruka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Tena bombani nikajitapa mbele ya wanawake wenzangu, naye akisikia, kwamba mwanangu kapona.

Siku ya tano, alasiri, nilikuwa nachambua mchele wa futari. Nje watoto wanaruka kamba, wanahesabu kwa kelele. Ghafla wakanyamaza. Nilitoka nikamkuta kalala kifudifudi, nikamgeuza, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nikamwita. Kimya. Nikamtikisa, nikampiga makofi, nikamtukana. Ndiyo, nilimtukana mwanangu, angalau akasirike anijibu. Nikajua siku aliyoisema daktari ndiyo hii. Kisha akavuta pumzi moja ndefu, akafumbua macho.

Nilimbeba ndani, nikachukua kidonge na kikombe cha maji. Akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama, magharibi bado."

"Meza."

"Wenzangu wote wamefunga."

"Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Mungu mwenyewe kampa. Meza, nisikupige!"

Akaniangalia, machozi yanamlenga. "Lakini mimi si mgonjwa. Wewe mwenyewe umewaambia watu nimepona."

Ukali wote ulinitoka. Nikapiga magoti sakafuni, mimi ambaye sijawahi kumbembeleza mtoto hata kwa uji.

"Nilisema uongo, mwanangu. Hujapona, na huenda usipone. Nilipenda wakusifu, nikakunyima dawa yako, na leo nusura nikuue. Kosa si lako. Kama kufungua huku ni dhambi, iandikwe kwangu. Wewe uishi tu."

Alilia muda mrefu bila sauti. Kisha akashusha mikono yake, akafungua mdomo. Nikamwekea kidonge ulimini, lakini maji niliyomnywesha yakamwagika kifuani mwake, hata ikabidi anishikie kikombe yeye.