Nilimbadilishia mdogo wangu kombi kimyakimya, form six akapata zero

Wakuu, poleni na majukumu. Haya ninayoandika hata mke wangu hayajui yote. Siongezi chumvi, na sehemu zinazonitia aibu nimeziacha zilivyo.

Mimi ni fundi simu hapa Mkuyuni, Mwanza. Nina mdogo wangu wa kike, nimwite Kabula.

Mzee wetu alifariki Kabula akiwa form two. Alikata roho kwenye benchi la hospitali tukisubiri daktari, aliyekuwa peke yake zamu ile. Toka siku hiyo nikawa na wazo moja tu kichwani: huyu binti lazima awe daktari.

Yeye hakuwahi kusema anataka.

Kabula alikuwa mtu wa Kiswahili na historia. Nyumbani Buhongwa alikuwa anamsomea mama gazeti kwa sauti ya mtangazaji, mama anacheka mpaka anashika mbavu.

Matokeo ya form four yakatoka. Kiswahili A, History A, English B. Masomo ya sayansi alipata C zote, tena za kujikongoja.

Kwenye Selform, fomu ya kuchagua masomo ya form five, alishajaza kombi ya HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza. Dirisha la kubadilisha kombi mtandaoni lilipofunguliwa alikuja kibandani kwangu tuhakiki. Password tukaitengeneza pamoja. Akaona HKL yake ipo, akaondoka ameridhika.

Siku mbili kabla dirisha halijafungwa, nikaingia mwenyewe kwenye mfumo nikaweka PCB. Fizikia, kemia, biolojia.

Wakuu, kubadilisha kioo cha simu kunanichukua muda mrefu kuliko ile kazi.

Selection zilipotoka akanipigia analia.

"Kaka, mbona nimepangiwa PCB? Si tulihakiki?"

Nikamjibu, "Mfumo ndio umepanga. Serikali imeona una uwezo. Nenda kasome."

Akaenda, shule ya bweni mkoa mwingine.

Nilikuwa napiga simu kwa matron wa bweni, anampa Kabula, tunaongea. Kila mara jibu ni lile lile, "Nasoma, kaka." Likizo ya kwanza alirudi amekonda. Ya pili mama akaniambia, "Mwanangu, mdogo wako haongei." Nikamwambia sayansi ni ngumu, atazoea.

Form six, zero.

Nikaenda Buhongwa. Nilimkuta uani anaosha vyombo. Nikaanza hotuba ya kumfariji, sijui Mungu ana mpango wake. Akanikatisha.

"Kaka, najua ni wewe."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Wiki ya kwanza tu nilienda kwa mwalimu wa taaluma kuomba kuhama kombi. Akaangalia kwenye mfumo, akaniambia nilibadilisha mwenyewe, na pale HKL haipo. Password tulikuwa nayo wawili."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka miwili yote ile.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Kila ukipiga nilikuwa najiambia, leo atasema."

Akaendelea kusugua sufuria.

Sasa hivi anafanya kazi kiwanda cha samaki Nyakato. Anashinda kwenye barafu, vidole vimepasuka. Nilimwomba arudie mtihani kama private candidate, asome HKL yake. Akasema, "Nikitaka kusoma nitajua mwenyewe. Usinipangie tena."

Nimemwomba msamaha zaidi ya mara moja. Anajibu, "Nimesikia, kaka." Shikamoo ananipa kama kawaida. Zaidi ya hapo haongei na mimi.

Ndugu zangu mnaowashikia watoto simu wakati wa kubadilisha kombi: shaurini, bishaneni hata wiki nzima, lakini abonyeze mwenyewe. Mimi nilijidanganya kwamba namlilia baba. Kumbe nilikuwa namwibia mtu maisha yake, halafu nikamsingizia mfumo.

Mwenye matusi ayalete, nitayasoma. Ila mliowahi kufanyiwa hivi na kaka au mzazi, naomba mniambie kweli: mlikuja kusamehe?