Minyaa Niliyoikata Mwenyewe

Wageni wanaoshuka kivuko pale Kamanga wakifika kwetu husema mji umependeza. Ni kweli, umependeza. Lami ipo, taa za barabarani zinawaka, maji ya bomba yanafika hadi mtaani kwetu, na nyumba za kupangisha zimeota mpaka kwenye majabali. Sikatai. Mimi nasema tu nani alinifanyia nini, maana shule niliishia darasa la nne, lakini kusahau sikufundishwa.

Wa kwanza ni mwenyekiti wetu wa kitongoji. Kabla wapima viwanja hawajaja alipita nyumba kwa nyumba: "Mama, safisha mpaka, vyombo vyao vipate kuona mbele." Mpaka wangu ulikuwa ua wa minyaa, alioupanda marehemu mume wangu tulipohamia hapa, kama maboma ya Wasukuma yalivyo. Nikamwambia minyaa ndiyo mpaka wenyewe, nikiikata wataona nini? Akacheka. "Siku hizi mpaka ni bikoni ya zege, mama. Hayo mambo ya zamani."

Nikachukua panga. Minyaa haikatwi kwenye upepo, hilo hata mtoto analijua, lakini upepo wa ziwani ulikuwa haupumziki na wapimaji walikuwa wanakuja kesho yake. Utomvu wake mkali ukaniruka machoni. Jirani aliyekuwa ananyonyesha alinikamulia maziwa yake machoni, na bado asubuhi nilikuwa kwenye benchi la zahanati, nimefungwa kitambaa, sioni hata vidole vyangu.

Asubuhi hiyo ndipo walipopima. Aliyewaonyesha mpaka wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tuliyepakana naye. Huyo ndiye wa pili, na ndiye mbaya zaidi. Aliusogeza hadi nyuma ya jiko langu. Kaburi la mume wangu, tuliyemzika ndani ya ua wetu, likaangukia upande wake.

Nilipofunguliwa kitambaa, baada ya wiki kadhaa, kipande kile alishamuuzia mfanyabiashara wa Mwanza, na mawe yaliyokuwa juu ya kaburi yalishaingia kwenye msingi wa nyumba yake. Nikaenda kwa mwenyekiti.

"Wakati wa kupima ulikuwa wapi?" akaniuliza. Mimi! Naye alikuwa amekuja zahanati kunipa pole.

Nyumba ikaisha, ukuta ukapanda, geti likafungwa. Mwaka huu yakaletwa matofali ya paving ya kufunika uwanja. Geti lilipoachwa wazi kwa ajili ya lori, nikaingia, nikaenda pale ninapopajua, nikaketi chini. Mwenye nyumba akadhani nimechanganyikiwa. Akampigia shemeji simu.

Shemeji akaja. "Shemeji, inuka, unatuaibisha."

"Mwambie nimekalia nini."

Akageuka kutazama lori.

"Mama amekalia nini?" mwenye nyumba akauliza.

"Kaburi," shemeji akasema.

"La nani?"

"La kaka."

Fundi mmoja akaruka kando, wenzake wakamcheka: "Umeshakanyaga wewe, nenda kaoge ziwani!" Mwenye nyumba hakucheka.

"Yaani umeniuzia kaburi la kaka yako nipangishie watu?"

Shemeji akatoka getini bila kuaga. Mpaka leo nikikutana naye bombani namwachia zamu, simsalimii.

Mwenye nyumba alisema wapangaji wakisikia watahama. Basi pale juu ya kaburi pakaachwa bila paving, akapanda maua ili paonekane bustani. Mpaka haukurudi; hati ni hati, alisema. Ila naruhusiwa kuingia kufagia, nikigonga.

Huwa nagonga. Mpangaji anafungua, "Shikamoo mama," naitikia marahaba, nafagia. Kushoto kwa mume wangu ndipo tulipokubaliana, yeye akiwa hai, kwamba nitazikwa mimi. Pale pana paving. Wapangaji huegesha pikipiki.