Barua ya Kazi ya Ambindwile

Mara ya kwanza Ambindwile kuja dukani kwangu Tukuyu hakununua kitu. Alisimama barazani, mguu mmoja umekauka kama mpini, akaikagua taipureta yangu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Hii ndiyo inayoandika barua za kazi?"

"Ndiyo hii, baba. Na mchungaji wake ni mimi, Bushiri."

"Wanasema bei yako inauma."

"Na wewe wanasema ulikuwa migodini Afrika Kusini. Huko hukuumwa na kitu?"

Akacheka, akajipiga gotini. Nchi ilipopata uhuru alirudi kutoka migodini na blanketi, sanduku la bati na goti lililopondwa na jiwe. Alilima hivyohivyo miaka kumi, akichechemea nyuma ya mkewe Felista, mpaka mteremko wa shamba lake kule Lupepo ukamshinda. Sasa chama cha ushirika cha kijijini kwao kilikuwa kinatafuta mtunza ghala la kahawa. Kazi yenyewe ni kukaa, kupima na kufunga mlango. Akiikosa, hana lingine ila kulishwa na mwanawe.

"Kwani mwanao mbaya?"

"Mwanangu mzuri sana. Nyumbani kwake ndiko siwezi kuingia."

Nikaona ni majivuno ya wazee, nikaendelea na biashara. Nilitaka kuku. Yeye akanipa "ndaga", yaani asante ya Kinyakyusa. Nikamwambia ndaga haiivi hata ukiichemsha kutwa. Tulivutana mpaka chai ikapoa, ndipo nikatoa sharti nililoliona la kijanja kuliko yote niliyowahi kuyatoa: barua ikimpatia kazi, ataniletea mkungu wa ndizi kila mwezi mwaka mzima, isipompatia, hanidai, simdai. Nilikuwa najua wenzake walioomba, Meshaki na Lukasi, wameandika kwa penseli kwenye karatasi za daftari. Nikajiona nimeshaanza kumenya ndizi.

"Lakini andika fupi," akasema. "Na jina langu uliweke chini kabisa, mwisho. Mahali pengine lisionekane."

"Baba, mimi nikija shambani kwako nitakufundisha kupanda migomba?"

Nikaandika. Juu kabisa nikaliweka jina lake kwa herufi kubwa. Nikaandika Yah: Maombi ya Kazi, na jina tena. Katikati nikalirudia mara mbili, na kila mara nikapiga mstari chini yake, maana niliamini ofisi hukumbuka jina inalogongwa nalo kichwani. Yeye nilimsomea maneno matamu tu.

"'Kwa unyenyekevu napiga magoti mbele ya kamati yako tukufu...'"

"Goti langu halipigi."

"La kwenye barua linapiga. Tulia."

"Na jina?"

"Lipo, baba, usihofu." Nikalamba bahasha, nikaifunga. "Kwa nini usiipeleke mwenyewe wakuone?"

"Pale ofisini sifiki."

Nikalitazama lile goti, nikaona nimeelewa. Mimi nimezaliwa Tukuyu. Babu yangu alikuja na mzigo wa nguo kutoka Kilwa, na sisi tumekaa hapa mpaka tumekuwa wa hapa. Bei ya kila kitu mpaka Kiwira naijua. Kuuliza swali la pili ndiko sikujifunza.

Bahasha niliipeleka mwenyewe, kwani siku ya kikao nilikuwa na magunia ya kuwauzia wanaushirika. Nikaketi juu ya magunia yangu chini ya dirisha la ofisi, nisikie kazi ya mikono yangu.

Mwenyekiti alikuwa mzee Nsajigwa. Barua alikuwa anazisoma karani, Tusekile, binti aliyesomeshwa na masista kule Igogwe, mwenye sauti iliyonyooka. Ya Meshaki akaisoma. Ya Lukasi akaisoma na makosa yake yote. Akafungua yangu. Kimya.

"Karani, endelea."

Kimya. Nikachungulia. Tusekile alikuwa ameilaza barua kifudifudi mezani na kugeukia ukutani.

"Kwani imeandikwa Kizungu?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Siwezi kuisoma. Kila ninapoangalia, yupo."

"Nani?"

Hakujibu. Mzee mmoja wa kamati akaigeuza karatasi, akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka. "Jamani, ni baba mkwe wake! Amejazwa humu kama mahindi kwenye debe!"

Hapo ndipo na mimi, mwenyeji wa kuzaliwa, nikakumbuka kitu ambacho hata mbuzi wa Rungwe anakijua: mke wa mwanao hakutazami, hakai nawe chumba kimoja, wala halitaji jina lako. Nyumba ambayo Ambindwile haingii ni nyumba ya Tusekile. Ofisi asiyofika ni ofisi ya Tusekile. Na jina alilotaka likae mwisho lilikuwa lisubiri huko, mkwewe asome maneno yote kisha amwachie mwenyekiti alitamke. Mimi nikamwekea mkwe wa watu mtego kila mstari.

Nikaanza kuhesabu ndizi zangu kuwa maiti. Ndipo nikamsikia Nsajigwa.

"Ngojeni. Mtunza ghala aliyepita na karani aliyepita walifanyaje?"

"Walikula sahani moja," mtu akajibu.

"Na kahawa yetu ndiyo ilikuwa mboga. Mmoja anapima, mwingine anaandika, jioni wanakutana kugawana. Sasa hawa wawili watakutana wapi? Watakonyezana? Hata kutazamana ni mwiko!"

Wakampa kazi papo hapo. Ghala na ofisi vikagawanywa kwa ukuta. Ambindwile akawa anapima, anaweka karatasi dirishani, anagonga ukuta na kuondoka. Tusekile anakuja kuichukua. Msimu ule kahawa haikupungua hata kopo.

Mwezi ulipoisha nikapanda Lupepo kudai mkungu.

"Barua ilisomwa?" Ambindwile akaniuliza, amekaa kwake, anakula cha kwake.

"Haikusomwa, lakini..."

"Sharti la barua kunipatia kazi alilitoa nani?"

"Mimi. Lakini baba, bila barua mkweo angeliona wapi lile jina?"

"Basi aliyenipatia kazi ni mkwe wangu kwa kunyamaza. Ndizi zake nimeshampelekea, kwa mkono wa Felista. Au wewe ulinyamaza?"

Nimebishana na Wahindi, na madereva wa malori, na wakaguzi wa bei. Pale nilishindwa kwa sharti langu mwenyewe. Na habari ilikuwa imeshashuka Tukuyu hata kabla sijapanda: wateja walikuwa wameanza kuja barazani wakisema, "Bushiri, niandikie jina tu, hayo mengine hayasomwi," na malipo wakiyakata kwa urefu huohuo.

Nilipoinuka kuondoka, Felista akanivutia mkungu mmoja kutoka nyuma ya nyumba.

"Huu siyo wa barua," Ambindwile akasema. "Ni wa kubeba bahasha. Miguu yako ilifanya kazi."

Nikajitwika, nikateremka nao mpaka Tukuyu, mchukuzi aliyelipwa haki yake.